Nyama Kutoka Mkononi mwa Mkwe

Kampala, 4 Februari 1967

Mke wangu Apio,

Kabla sijakuuliza habari za binti yetu Mildred, kabla sijauliza kama mvua imefika Chakol, niache nikueleze nilichokula jana jioni, maana tangu jana siwezi kuwaza jambo jingine.

Mwenzangu mmoja anayesomea sheria amepanga chumba nje ya chuo. Tulikuwa sita, wanaume wanne na wanawake wawili, tumelizunguka karai kuukuu lililojaa makaa, na juu yake kipande cha waya. Hapakuwa na chungu. Hapakuwa na mwanamke aliyefungiwa ndani akikohoa moshi huku wanaume wakimsubiri nje kama mahakimu. Kila mmoja aliweka alichokuja nacho: vipande vya nyama ya ng'ombe, nyanya nzima, vitunguu vilivyopasuliwa katikati, bilinganya, ndizi. Kila mmoja aligeuza chake, na chakula kikawa tayari kabla hatujamaliza kubishana juu ya mishahara ya vibarua. Apio, nimesoma mengi kuhusu usawa wa binadamu. Jana niliuona kwa macho, ukidondosha mafuta kwenye makaa.

Sasa kitazame chungu chetu. Mwanamke hukata kuni, huteka maji, hupuliza moto mpaka macho yamwive, kisha wanaume hula kwanza, watoto wafuate, naye akwangue kilichoganda chini. Huo si upishi, ni utawala! Tumewafukuza watawala waliotoka ng'ambo, na huyu wa jikoni tumemwacha ameketi juu ya mafiga matatu, hajaguswa, hajashtakiwa.

Anza nyumbani kwetu. Karai lipo, waya upo nyuma ya ghala, nyama chukua kwa Bashir mwenye bucha pale Busia. Choma siku za kawaida, usingoje sikukuu. Kisha niandikie.

Mwezi wa Mei chama cha wanafunzi kitachagua mwenyekiti. Wenzangu wananisukuma nisimame.

Wako katika mapambano,
Okiror


Chakol, 19 Februari 1967

Baba Mildred,

Barua yako imeletwa na Kiprono, yule dereva wa lori anayepitia Malaba. Nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka mpaka mama yako akauliza kama umeniletea mke mwenza.

Hicho unachokiita usawa, mama yangu kule Adungosi hukiita chakula cha jioni. Tangu baba afariki hajapika kwa chungu ila uji. Hungoja makaa yafunikwe na jivu jeupe, aweke kiganja juu na kuhesabu pumzi tatu. Akiweza kufika ya tatu, nyama inapanda. Chumvi hutia mwisho, kwa sababu, asema, chumvi ikitangulia hukamua nyama na kuyalisha makaa. Bilinganya huzika zima ndani ya jivu hadi ngozi ipasuke, kisha hulimenya na kuliponda na kitunguu kilichoungua pembeni. Pasipo nyama huchoma viazi vitamu na uyoga. Hakuna siku watu wakakosa.

Na watu ni wengi. Unajua anaishi kwenye boma la baba mdogo Ochom, ndugu wa marehemu. Mjane asiye na mtoto wa kiume mkubwa hukaa pale kwa hisani, na hisani hiyo ameilipa kwa mikono yake. Jioni wake wawili wa Ochom, watoto wao, na Ochom mwenyewe huja na vigoda vyao penye moto wa mama. "Jerusha, ubavu wangu usiukaushe!" "Wewe ngoja zamu yako, jana ulikula wa mwenzio!" Moto ule ndio nyumba yake, Baba Mildred. Ukuta na nyasi ni vya Ochom.

Nami nimejaribu kama ulivyoagiza. Nyanya ziliiva vizuri. Nyama iliungua, paka akaisusa. Mildred ametimiza miaka minne na anataka kugeuza kila kitu kwa vidole.

Mke wako,
Apio


Kampala, 3 Machi 1967

Apio,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikaimaliza nikitembea. Huelewi ulichoniandikia! Mimi nimezunguka maktaba nzima nikimtafuta mwalimu, kumbe yuko Adungosi, anahesabu pumzi tatu juu ya makaa.

Na mwalimu huyo sijawahi kumwona uso. Hebu jiulize ni kwa nini. Miaka mitano nimekuoa, na mwanamke aliyekuzaa, nikitokea kwa baiskeli, hujitupa kwenye mihogo kama mwizi. Jina lake nisilitaje. Kivuli chake nisikikanyage. Chakula chake nisikionje, naye asionje changu. Kwa kosa gani? Nani alitusomea hukumu hiyo, na rufani inasikilizwa wapi? Wakoloni walituwekea mpaka Malaba na tukaulaani. Mpaka huu mwingine tumeuweka wenyewe kati ya mkwe na mkwe, na tunaulinda kwa heshima zote.

Nimeamua. Pasaka nitakuja na wenzangu wanne. Tutawasha makaa uani kwetu, mchana, mbele ya majirani. Mama yako ataketi upande mmoja, mimi upande wa pili, nami nitamkabidhi nyama kwa mkono wangu, naye ataila. Mwenzetu mmoja ana kamera. Picha moja ya namna hiyo ina nguvu kuliko hotuba mia.

Mtayarishe.

Okiror


Chakol, 12 Machi 1967

Baba Mildred,

Nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu tangu tuoane: usifanye.

Wewe unaona mihogo. Mimi namwona mama yangu ndani ya mihogo, anafunika uso, na moyo wake umetulia kwa sababu amekutunzia heshima. Wewe umeisoma heshima hiyo kwenye vitabu ukaiita kifungo. Hujamuuliza yeye anaiitaje.

Nikueleze usilolijua, kwa vile wanaume huondoka kabla mazungumzo hayo hayajaanza. Mama akila kutoka mkononi mwa mkwe wake, mkono wake umeharibika. Hakuna atakayekula alichokigusa, hata mtoto. Hukaa hivyo mpaka mkwe mwenyewe, kwa miguu yake, alete kondoo mlangoni pake, amchinje pale, na watu wote wachome na kula. Hakuna njia ya kutuma mtu. Hakuna njia ya kulipa fedha. Sasa mtu anayeishi kwa kulisha wengine, ukimharibu mkono, umemwachia nini?

Ukitaka mwanamke wa kuketi nawe mbele ya kamera, nipo. Nitakaa, nitakula, nitacheka hadi meno ya mwisho yaonekane. Mama yangu mwache.

Niahidi kwa maandishi.

Apio


Chakol, 27 Machi 1967

Mama,

Mildred ameshikwa na homa kali sana na anakuita. Njoo sasa hivi, usingoje kubadilisha nguo. Baba yake hayupo, bado yuko Kampala, usiwe na wasiwasi wa kukutana naye. Mwalimu Protus akishakusomea barua hii, uache yote ulipo uje.

Mwanao,
Apio


Chakol, 9 Aprili 1967

Baba Mildred,

Umeandika kwa jina langu.

Siku kumi na tatu nimelizungusha jambo hili kichwani, na kila ninapoanza kwingine narudi hapo. Uliketi kwenye meza yetu, ukachukua kalamu yangu, ukamwita mama yangu kwa sauti yangu. Mimi ulikuwa umenituma Busia kwa Bashir, eti nyama haitoshi wageni. Bashir aliniuliza, "Dada, hawa wageni ni jeshi?" Nami nikacheka, nikafunga kilo nyingine kwenye baiskeli.

Wewe ulikuwepo, kwa hiyo sikusimulii. Nakuambia tu nilichoambiwa na mama, ili ujue kuwa anakumbuka yote. Alikimbia nusu ya njia kutoka Adungosi. Alipoingia uani akawaona wanaume watano na moto, na wewe katikati. Akafunika uso kwa leso, akageuka. Ukasimama mlangoni pa nyumba, ukamwita "Jerusha", kavu, kama unavyomwita dobi. Akakuuliza kwa mgongo, "Mtoto yuko hai?" Nawe ukasema, "Kula kwanza, Jerusha, ndipo utamwona mtoto." Mmoja wa wale wenzako akaongeza, "Chukua, mama, nyama haiumi!" Wakacheka.

Mildred alikuwa amelala ndani, mzima, ameshiba ndizi.

Mama akanyoosha mkono. Unajua alisema nini? "Nipeni. Nipeni yote niimalize." Nilipofika na baiskeli, kamera ilikuwa inalia, naye alikuwa anatafuna, machozi yanaingia mdomoni pamoja na nyama. Haikuwa hata na chumvi.

Sasa sikia ya Adungosi. Jioni ile ile aliwasha makaa kama kawaida. Vigoda havikuja. Mke mdogo wa Ochom alisimama mbali akamuuliza, "Leo umechoma ya nani, Jerusha? Ya mkwe?" Watoto wakimpelekea maji huyaweka chini na kurudi nyuma. Kila jioni anachoma, kila jioni anangoja, kisha anawapa mbwa. Ochom hajamfukuza. Amesema tu kwamba nyumba ile ilikuwa ya jiko, na jiko limekufa.

Sikuombi ujutie. Nakuomba kondoo. Njoo wewe, na miguu yako, siku moja. Nauli isikuzuie, utapanda na Kiprono.

Apio


Kampala, 20 Aprili 1967

Apio,

Nimepokea malalamiko yako. Nayaita malalamiko kwa makusudi, kwani hoja sikuiona.

Ulitaka niombe ruhusa. Historia haijapata kuomba ruhusa kwa mtu yeyote! Kila mlango uliofunguliwa duniani ulifunguliwa kwa hila au kwa bega, na aliyefunguliwa hulia kwanza kwa sababu mwanga unamuumiza macho. Barua ile ilikuwa hila, sikatai. Nilimdanganya kwa dakika chache ili nimtoe kwenye uongo wa maisha yake yote. Unipime kwa mizani hiyo.

Na ikiwa watu wa Ochom hawali alichokigusa, basi wenye makosa ni wao. Waandikie wao barua kali. Wewe unataka mimi, niliyevunja ukuta, nirudi na kondoo begani niujenge upya jiwe kwa jiwe. Nikimchinja kondoo huyo nimekiri kwamba vivuli vina haki ya kudai damu. Sitakiri. Njaa ya moyo ya wiki chache haijaua mtu. Watazoea, na siku moja watashukuru.

Picha imetoka vizuri sana. Imebandikwa kwenye ubao wa chama, na wanafunzi husimama mbele yake kwa vikundi. Machozi yake yanaonekana kama ya furaha. Upigaji kura ni tarehe kumi na tatu Mei, na wapinzani wangu wangelipa chochote waweze kusema kwamba Okiror alikwenda kijijini kwa siri kuwaangukia wazee. Unaelewa, basi, kwa nini usilitaje jambo la kondoo mbele ya Kiprono wala mtu mwingine yeyote.

Mbusu Mildred.

Okiror


Adungosi, 30 Aprili 1967

Kwa baba ya Mildred,

Anayeandika ni Protus, mwalimu wa dini wa hapa. Maneno ni yangu mimi mama ya Apio. Jina lako silitaji, unisamehe, mdomo wangu bado haujui.

Sina maneno mengi. Sikukasirikii. Wewe ni kijana umesoma, na ulifikiri unanifanyia vizuri. Hata pale nilipokuwa natafuna nilijiambia, huyu mtoto wa watu hajui anachofanya, angejua hangefanya.

Nakuomba kondoo. Hata awe mdogo. Hata awe kilema, hakuna mtu atamtazama miguu. Kama huna, nitatafuta mwenyewe nimfunge pale njiani kwenye daraja, wewe umfungue tu uingie naye, watu waone ni wewe umemleta. Nitakaa ndani, hutaniona. Ukimaliza utaenda zako.

Jana nilichoma maini na viazi. Yule mtoto wa mwisho wa Ochom, Apolo, alikuja mpaka karibu, akasema, "Bibi, inanukia." Nikasema, "Eeh, inanukia." Mama yake akamvuta sikio. Mimi ni mzee sasa, mahali pa kwenda sina. Mkono huu ndio nilikuwa nao.

Protus anasema nimalize na salamu. Nakusalimia. Soma vizuri, mtoto wetu apate baba wa maana.

Ni mimi,
Mama ya Apio


Kampala, 15 Mei 1967

Apio,

Tumeshinda! Kura kwa kura, ukumbi kwa ukumbi, tumewafagia. Wamenibeba mabegani kutoka jumba la mikutano hadi getini. Mume wako ndiye mwenyekiti.

Nikuambie kilichowamaliza wapinzani. Usiku wa kuamkia kura walieneza maneno kwamba ile picha ni mchezo wa kuigiza, kwamba hakuna mila ya namna hiyo, kwamba nimeitunga ili nionekane shujaa. Nilikuwa na jibu mfukoni. Nilipanda jukwaani na barua ya mama yako, nikaisoma yote, neno kwa neno, mpaka yule kondoo kilema na daraja. Waliposikia "mkono huu ndio nilikuwa nao" niliishusha barua, nikauliza: "Ndugu zangu, je, huu ndio utamaduni tunaoambiwa tuupende?" Wakasimama wote. Wengine walicheka hadi kulia, hasa kwa yule kondoo, ila kicheko nacho ni silaha.

Mwambie Jerusha kwamba maneno yake yamewasha moto mkubwa kuliko wowote aliouwasha maishani. Mwambie asikate tamaa.

Likizo nitakuja. Andaa karai.

Okiror, Mwenyekiti


Adungosi, 4 Juni 1967

Bwana Okiror,

Usishangae anwani. Sipo tena Chakol.

Barua yako ya ushindi nilimsomea mama, kwa vile uliniagiza nimwambie. Nilifikiri ataanguka. Aliuliza tu, "Aliwasomea watu wote?" Nikasema wote. "Na pale nilipomwita mtoto wa watu?" Nikasema na pale. Akainuka akaenda kuzima makaa, na tangu siku ile hakuyawasha.

Mimi nikaenda kwa baba mdogo Ochom. Nikamwambia, "Baba, mkwe hatakuja. Si leo, si mwakani. Kuna njia nyingine?" Ochom ni mkali, unamjua, lakini ulikuwa umemsoma vibaya: moyoni alikuwa anaitamani nyama ya mama kuliko mtu yeyote. Akawaita wazee. Wakakaa siku mbili. Siku ya pili mzee mmoja, ambaye muda wote alionekana amelala, akafungua jicho akasema, "Mnahangaika na kondoo wa nini? Kosa ni kula na mkwe. Huyu kijana akiwa si mkwe, Jerusha alikula na nani? Alikula na mpita njia. Tangu lini tukamtakasa mtu kwa kula na mpita njia?"

Kisha Ochom akacheka, kicheko cha kwanza kwenye boma hili tangu Pasaka.

Basi ndivyo ilivyofanyika. Ng'ombe wa mahari waliorudishwa walikuwa wamewekewa kaka yangu mdogo aoe, sasa atangoja. Walipelekwa Chakol mchana, njia kuu, watu wakitazama. Baba yako aliwapokea mwenyewe. Wazee wetu walimwambia akipenda amwache ng'ombe mmoja kwetu, ili Mildred abaki mtoto wa ukoo wenu. Alimtazama yule ng'ombe kwa muda. Akasema, "Mwanangu ameniandikia kwamba mahari ni soko la watumwa. Mimi si mchuuzi." Akamswaga pamoja na wenzake. Nadhani alikuwa na hasira nawe, si na mtoto. Lakini alimswaga.

Nilikuwa na njia mbili, Okiror. Nibaki mke wako na mama afe akiwa amekaa mbele ya moto usio na watu, au niache kuwa mke wako, ale na watu. Sikuhitaji hata usiku mmoja kuliamua. Nataka ulijue hilo zaidi ya yote mengine. Nilidhani ningelia, nilikuwa hata nimetoa leso.

Jioni ile mama aliwasha makaa. Akaweka kiganja, akahesabu. Vigoda vikaja, kimoja kimoja, kama vile havijawahi kukosa. Apolo alikula hadi akatapika.

Umetuweka huru, kama ulivyotaka. Ulisahau kuuliza huru kutoka kwa nani.

Apio


Kampala, 11 Juni 1967

Apio mke wangu, mke wangu nasema,

Nimeisoma barua yako nikadhani ni ya mtu mwingine. Haiwezekani. Ndoa haivunjwi na kicheko cha mzee aliyesinzia! Ziko taratibu. Lazima mume aitwe, asikilizwe, apewe siku. Hiyo ndiyo mila yetu tangu babu zetu, na mila haichezewi namna hii. Na mtoto ni wa ukoo wangu, wazee wote wa Chakol watashuhudia. Baba hakuwa na haki ya kupokea ng'ombe bila mimi kuwepo. Nimemwandikia. Hajajibu.

Nisikilize. Nitaleta kondoo. Nitaleta wawili. Nimekwisha kuzungumza na Kiprono, atanishusha Malaba Jumamosi ya tarehe ishirini na nne, na kutoka hapo nitakuja kwa miguu, na nitawaswaga mbele ya watu wote, na nitawachinja pale mlangoni kwa mkono wangu, na akitaka mpiga picha aje, aje. Nimeshusha ile picha ubaoni. Wenzangu wameniuliza sababu.

Sikulala. Namwona Mildred anageuza nyama kwa vidole. Nani anamwambia asiungue? Mwambie mama yako, mwambie mama, sijui nimwiteje sasa, mwambie nilikosa. Nilidhani mtu akiwa upande wa haki hawezi kuwa mkatili. Apio, niandikie neno moja tu kabla ya Jumamosi.

Wako,
Okiror


Adungosi, 20 Juni 1967

Bwana Okiror,

Anaandika Protus. Maneno ni yangu, Jerusha. Apio amenisomea barua yako akasema hana jibu, kwa hiyo nimesema nikujibu mimi, kwa sababu mtu akipiga hodi lazima aitikiwe.

Unaona nimekutaja jina. Wazee wamesema sasa naweza. Ni jina zuri.

Kondoo usilete. Hakuna kosa, kwa hiyo hakuna cha kuchinjia. Ukiwa tayari umewanunua, wauze pale pale Malaba, madereva wanapenda kondoo. Lakini wewe mwenyewe kama safari iko, pita. Hapa ni karibu na njia na hatumnyimi mtu chakula. Ukija Jumamosi nitachoma mbavu, na bilinganya zipo nyingi mwezi huu. Nitakaa pale pale karibu na moto, sitafunika uso, na nyama nitakupa mimi mwenyewe kwa mkono, tutazamane kama ulivyotaka. Sitaogopa. Mtu haogopi mgeni.

Apio hatakuwepo, anaenda Nangina kumwangalia shangazi yake hospitalini. Mildred atakuwepo. Amekua. Siku hizi ndiye anawanawisha wageni mikono, anabeba ile birika kwa mikono miwili, na maji mengi yanamwagikia miguuni mwa mtu, usimkemee. Tumemwambia baba yake hayupo, na yeye haulizi sana. Wewe usianze kumwambia maneno mengine. Akilia sitamruhusu abaki hapo karibu na makaa.

Atakuja na birika atakuita mgeni. Uitike, unyooshe mikono.

Jerusha